Or Kide

Kazi tatu, njo jumatano, tarehe 14, mwezi ya kenda

Isimbi alisema niandike mvula, jua na majani. Basi: mvula ilinyesha magaribi, jua ilikuwa asubui, majani iko majani. Nimemaliza. Lakini kaye, hii daftari, ingali na karatasi mingi, na miye nikisha kufungua kinywa siyuake kuifunga, hata kinywa ya biki.

Isimbi ni mutoto ya kaka yangu, anasoma mambo ya bimea kule Goma. Posho ilipita, jumamosi, alifika na moto, njo pikipiki, matope mupaka ku magoti, hata chai hakukunywa, akapanda mu muvumu yetu. Ule muvumu njo muti mukubwa iko juu ya shamba yetu ya maharagi, na shamba iko juu ya nyumba yetu. Mutoto mwanamuke na suruali, juu mu muti! Mukabaranga, jirani yangu, alisimama pa njia anajifanya anatafuta kiatu, na biatu yake yote mbili ilikuwa mu miguu.

Isimbi akashuka na kamea kadogo kalikuwa kamejishika ku gamba ya muti. Majani yake kama kucha ya mutoto muchanga. Akatosha kakiyoo, lupe, akaibandika ku jicho, akaangalia mupaka nikachoka kusimama.

"Tantine, hii siiyue. Mupaka ichanue njo tutajua jina yake."

"Basi ni nini?"

"Ni orkide. Lakini orkide gani, ua njo itasema."

Akanifungia tatu ku bipande bya gamba na kamba ya mugomba, akabitundika ku ukuta ya jikoni, upande moshi haifike. Zingine akaziacha mu muti. Akakataza udongo.

"Sasa itakula nini?"

"Upepo na maji ya mvula."

"Aah. Kama padri wetu mwezi ya kufunga."

Alicheka, akapanda moto, akarudia ku masomo. Njo kusema niko namulindia hizi bintu mupaka zichanue. Miye nilisoma mupaka ya tatu primaire, muniachilie makosa.

Kazi ine, tarehe 15

Mvula. Majani sawa.

Kazi moya, tarehe 19

Leo ku soko nilikuwa na mabidon yangu ya maziwa, Mukabaranga akakuya kukaa karibu, akaanza kunizunguka kama mbuzi anazunguka chumvi.

"Mama Emérita, ule mutoto alikuwa anatafuta nini mu muti?"

"Orkide."

"Or?"

"Or-ki-de."

"Or kide. Na Kide iko wapi?"

Or kwa Kifaransa njo dhahabu; nikacheka sana, nikasema Kide iko nyuma ya jikoni yangu. Ee, nilisema vile. Maziwa ilikuwa inatoka muzuri, bamama balikuwa banacheka, na mwenye kuchekesha bantu anasahau kupima maneno.

Jua asubui, mvula saa nane.

Posho, tarehe 24

Moja ya zile tatu iko inaoza. Majani yake inakuwa ya kahawia na inaregea. Ni miye. Niliihurumia. Kitu yote hapa kwetu ikikonda tunaipatia maziwa: mutoto, muzee, mugonjwa, hata muke wa arusi. Nikafikiri upepo na maji tu, hii ni mateso. Nikaimwangia maziwa kidogo na maji, siku tatu. Karangwa, bwana yangu, muntu ya maneno mbili kwa siku, akaangalia akasema: "Inanuka." Ilibakia neno moya, akaikamata ya kesho.

Nilipandisha ku kilima penye rezo ya telefone inapatikana, nikaita Isimbi. Hakunitukana. Akasema: "Tantine, kata ile, itupe mbali, usiguse zingine na mikono ya maziwa." Nimekata.

Yenga, tarehe 25

Misa. Mvula. Zimebakia mbili.

Kazi tatu, tarehe 5, mwezi ya kumi

Bantu bageni mu kijiji yetu ya Kalembe. Balikuwa mbele ya nyumba yangu, ba creuseur, bachimbaji ya mawe ya or, balitoka kule Omate. Mukubwa wao anaitwa Gentil. Kijana ya buti safi, na sauti ya pole kama munganga mbele ya sindano. Ku shingo yake lupe inaninginia na kamba, sawasawa na ya Isimbi.

"Mama, habari yako inatembea mbiyo kuliko moto yangu."

"Habari gani, papa?"

"Or ya Kide."

Nikacheka. Nikamuambia hapana papa, ni orkide, ni majani, kuya uone. Akaangalia zile mbili ku ukuta, akacheka pia.

"Mama, mutoto wa université anatoka Goma na matope yote hii, anaangalia majani na lupe? Lupe njo ya kuangalia majani?"

"Njo gisi banasomaka kule, ni namna yao."

"Na nani mwenye or alisemaka ako na or?"

Pale kicheko yangu ikaisha. Kila gisi nilikuwa nakataa, njo gisi alikuwa anaamini. Anataka kuchimba pale chini ya muvumu.

Niandike hii muzuri juu Isimbi aelewe. Mwaka jana, ngambo ya muto, mulima ulishuka na mvula, ukafunika nyumba ya Nishimwe na bantu yote ndani. Ule mulima balikuwa bamemaliza miti yake. Sisi, kitu inashika mulima yetu ni ule muvumu. Mizizi yake inatembea chini ya maharagi mupaka karibu ya choo. Ukitoboa pale mu wakati ya mvula, mulima itakuya kulala mu kitanda yetu.

Kazi ine, tarehe 6

Mvula. Nilienda kwa chef wa kijiji na Karangwa. Chef akasema Gentil ako na karatasi ya ruhusa ya kuchimba.

"Emérita, udongo ya juu njo yako. Ya chini njo ya Leta, ya serikali."

"Na muti, Chef, iko juu ao iko chini?"

"Muti iko juu."

"Na mizizi?"

Chef akakohoa. Akaita bibi yake alete chai.

Yenga, tarehe 9

Gentil alirudia kisha misa. Nilimupatia kiti, nikamupatia maziwa, juu muntu akikunywa kwako hawezi kukuua mbiyo. Nikamuomba kitu moya.

"Papa Gentil, subiri ichanue. Utaona na macho yako ni ua tu. Ukiona ua, uende."

Akazungusha kikombe mu mikono.

"Na nikiona kitu ingine?"

"Utaona ua."

"Sawa mama. Nasubiri. Niko nalipa bale bachimbaji chakula yao kila siku, usinichokeshe."

Basi sasa si Isimbi peke yake anangoja. Kijiji yote inangoja. Bachimbaji bamefunga shitingi, hema ya plastiki, pale juu, pembeni ya muvumu. Naona moshi yao asubui nikifungua mulango.

Kazi ine, tarehe 13

Haiyachanua. Mvula.

Posho, tarehe 15

Haiyachanua. Nimezisafisha na maji ya mvula tu, na mikono nimenawa mara mbili. Mukabaranga alipita: "Kide iko salama?" Nikaingia jikoni. Akaenda kusema ku soko kama nimeanza kiburi ya batajiri.

Kazi tano, tarehe 21

Mvula tangu asubui, ile ya kunyesha pole pole bila hasira, njo mubaya, inaingia mu udongo kama mugeni wa kulala. Maji inatoka mu ukuta ya choo. Haikuwaka kutoka pale. Karangwa aliweka mukono, akanusa udongo, akasema maneno ine yote mara moya: "Mulima iko nakunywa mingi."

Haiyachanua.

Kazi mbili, tarehe 1, mwezi ya kumi na moya

Iko kitu! Chini ya jani, upande ya ukuta. Kama yai ya chawa, ku uzi mwembamba. Nilifikiri ni kidudu, nikataka kuitosha na kucha, Mungu akanishika mukono. Nilipandisha kwa rezo mbiyo. Isimbi alipiga makelele mu telefone: "Tantine, ni bouton, chipukizi ya ua! Usipumue juu yake!" Sasa napita pale nimefunga kinywa. Karangwa anasema tangu tuoane hayapata raha kama hii.

Kazi tano, tarehe 4

Bouton inavimba. Gentil anakuya kila asubui kuiangalia, anasimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama anaangalia mugonjwa wa jamaa yake. Tunasalimiana. Leo akaniambia mama yake pia anauzisha maziwa, kule Pinga, na magoti inamusumbua. Nikamwambia dawa ya magoti. Kitu ya ajabu: si muntu mubaya. Njo maana naogopa zaidi. Mubaya ungeweza kumukasirisha ajulikane. Huyu anaamini tu, kama vile miye naamini misa.

Kazi mbili, tarehe 8

Imechanua.

Nilipeleka chai ku meza, nikageuka, ikakuwa wazi. Kadogo, Yezu wangu, inzi angeketi juu yake ungekosa kuiona. Nikaita Karangwa, akapiga foto na telefone. Nikaita Gentil miye mwenyewe, kwa sauti, kijiji yote isikie: "Kuyeni muone or yenu! Kuyeni!" Balikuya. Mukabaranga mbele, bachimbaji nyuma na mitarimbo, batoto ku miti. Nilikuwa na furaha sana, nilikuwa nimeshavala kikwembe ya misa.

Gentil akatosha lupe yake. Akainama.

Akaangalia kwa muda. Kisha akanipatia lupe.

"Angalia, mama."

Na macho ya bure ua ilikuwa nyeupe-kijani. Lakini mu lupe, ndani, mu koo yake, kulikuwa madoa. Ndogo ndogo, inangaa kama imelowana. Ya manjano.

"Iko rangi gani, mama?"

Nikapangusa lupe na kikwembe, nikaangalia tena.

Mukabaranga alivuta lupe mu mukono yangu, akaangalia, akapiga kigelegele.

"Or! Or ya Kide! Inakunywa or na mizizi, inaitapika mu ua!"

"Mizizi yake haigusi udongo!" nikalia. "Iko ku gamba! Inakula upepo!"

Hakuna alinisikia. Balikuwa bameshaanza kupandisha.

Kazi tatu, tarehe 9

Banachimba. Shimo iko upande ya chini ya muvumu, karibu na maharagi. Balikata muzizi moya munene kama paja yangu. Nilisikia ile kuvunjika nikiwa jikoni. Mvula.

Isimbi aliita kuhusu foto, ile Karangwa alimutumia. Anasema haifanane na ile alikuwa anafikiri, mudomo ya ua iko na nywele, anaitaka ua yenyewe ikiwa mu pombe kali. Nikamuambia ya shimo. Akalia. Akasema atakuya. Nikamuambia asikuye, hapa banaona tu muntu wa Goma na lupe, akifika ataongeza moto. Nikakata ua, nikaitia mu kachupa ya kanyanga, angalau itakufa imelewa. Bayingana, mwenye kubeba bantu na moto, ameipeleka Goma.

Kazi ine, tarehe 10

Mvula. Kule juu karibu na shimo udongo umepasuka, mustari murefu kama muntu amechora na fimbo. Karangwa ametosha mabidon, mablanketi na foto ya arusi, ameyapeleka ku kanisa. Miye nimekataa kutoka. Nilipanda ile maharagi.

Kazi tano, tarehe 11

Mukabaranga alikuya kulalamika. Alitaka kupikia bachimbaji, bamemukatalia kufika pale na sufuria, anapaswa kuiacha pa njia.

"Ni vile vile kule Omate," akasema. "Nilibapikia miaka, hata kuchungulia mu shimo balinikatazia. Ati mwanamuke akiruka juu ya shimo, mawe inakimbia, inaenda kwa bengine. Mwenzangu moya aliruka bila kujua, shimo yote bakaiacha. Balitaka kumupiga na mawe, alikimbia na mutoto ku mugongo."

"Bakaiacha kabisa?"

"Kabisa. Shimo imekufa, utachimba nini?"

Akaendelea kusema mambo ya sufuria yake. Nilinyamaza. Karangwa aliporudia akaniwekea mukono ku paji ya uso, akauliza kama niko mugonjwa.

Posho, tarehe 12

Nitaandika yote.

Asubui mvula ilikatika. Nilifunga kikwembe juu ya magoti, nikabeba jembe ku bega kama mwenye kwenda ku shamba, nikapandisha. Shimo ilikuwa imeshaingia chini mupaka unaona kichwa tu ya mwenye kuchimba. Bengine balikuwa pembeni, banavuta udongo na ndoo. Gentil alikuwa anakunywa chai.

"Mama, usikaribie."

"Napita tu, papa. Naenda ku maharagi yangu."

"Pitia kule chini."

"Kule kuko matope."

Nikatupa jembe ngambo ya shimo. Wa kwanza kuelewa alikuwa muzee mwenye ndoo. Alipiga makelele: "Mushike! Mushike!" Na miye nikakimbia. Mwili yangu munaijua. Tangu nizae sijakimbia hata nyuma ya mbuzi. Nikaruka.

Muguu moya ilifika. Ya pili ikabakia hewani, nikaangukia tumbo, kifua ngambo, magoti yananinginia mu shimo. Yule kijana ndani akainua macho, akaona mwanamuke muzima juu ya kichwa yake, akatoka mule mbiyo kama nyoka imemufuata. Nikajivuta na vidole. Nikasimama. Udongo mu kinywa, kikwembe imepasuka.

Wenye ndoo bakarudia nyuma. Kisha yule muzee akainua mutarimbo.

Nikajua: nikisimama hapa atanipiga na yote itaendelea, batasema niliruka nusu. Basi nikazunguka, nikaruka tena kurudia. Hii ya pili nilifika muzuri.

Muzee alikuja. Gentil akamushika mukono. Akanikaribia mupaka nikasikia harufu ya chai yake.

"Unajua kitu umefanya?"

"Nimeenda ku maharagi yangu, nikarudia."

"Mama. Unajua?"

Nikamuangalia mu macho.

"Najua."

Akaangalia kikombe yake. "Nilikunywa kwako," akasema. "Shukuru ile maziwa." Akatupa chai mu shimo. Akaambia bantu yake bafungue shitingi.

Yenga, tarehe 13

Bameenda. Miye na Karangwa tulikosa misa. Tulijaza shimo: mawe chini, udongo juu, tukapanda matete. Karangwa alisema maneno mingi leo, yote kwa muti. Kwangu alisema moya: "Uliruka." Lakini alilisema mara tatu.

Yenga, tarehe 20

Mvula kubwa, ile ya kuvunja migomba. Tulisimama mu mulango mchana yote tunaangalia juu. Kisha ule mustari ulifunguka, udongo ukashuka na sauti kama ngombe wengi banakunywa mara moya. Ukafunika mistari ya maharagi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilishika Karangwa shati. Ukafika penye mizizi ya muvumu, ile imebakia chini ya maharagi, ukasimama pale. Ukasimama.

Muvumu imeinama kidogo. Nyumba iko.

Kazi mbili, tarehe 29

Maziwa inarudia nyumbani. Hakuna ananinunulia. Kwa bantu sikuokoa mulima; kwao nilikuwa na or ya kijiji nzima mu mikono na niliifukuza na matako yangu. Bayingana aliniona pa njia akapiga kelele: "Mama, pita mbali na shamba yangu, viazi isikuye kukimbia!" Bantu bakacheka. Ilikuwa muzuri, ningalikuwa miye ningeisema pia. Lakini kucheka peke yako mu nyumba ni kazi.

Kazi ine, tarehe 8, mwezi ya kumi na mbili

Isimbi aliita. Ua ilifika. Balimu yake banabishana, moya anasema ni hii, mwengine anasema ni ile, mwanamuke moya mukubwa anasema hakuna aliyeiandika bado. Itachukua wakati. "Kwa sasa, Tantine, tunaijua ku muti moya tu. Ni muvumu yenu." Nikauliza kama jina itakuwa Kide. Akacheka, kisha akasema kwa sauti ingine: bengine basisikie kama iko ku muti moya tu.

Kwa ukuta, ile ya pili imetosha bouton pia. Majani muzuri. Mvula kidogo.

Posho, tarehe 17

Mukabaranga alikuya leo. Mara ya kwanza tangu nilipoanguka na tumbo. Alileta sombe, majani ya mihogo ya kupika, akaketi, akasifu sufuria yangu, akaangalia ukuta, akaangalia mulango. Nilimuacha azunguke.

"Mama Emérita," akasema, "miye sina hasira tena. Uniambie tu. Yote ilikimbia, ao kulibakia kidogo?"

Miezi mitatu nilikuwa nasema hakuna or, haikuwaka, ni majani, na hakuna muntu aliamini. Neno ya kweli ilikuwa pa ulimi. Niliimeza na sombe.

"Yote, dada. Nilikuwa nimelala na tumbo pale, nilisikia gisi inaondoka chini yangu."

Akafunga macho kwa huruma.

"Hata chembe?"

"Hata chembe."

Tukakula. Nikafikiri imeisha. Akalamba kidole, akainama karibu, sauti chini.

"Na ilienda upande gani?"

Nikafikiri bilima yote najua. Kwa Bayingana, mwenye kunicheka, kuko batoto sita mu nyumba. Kwa chef kuko kisima. Ngambo kule Nishimwe angali chini ya udongo. Kila kilima nilichokumbuka, niliona nyumba ya muntu chini yake, na moshi inatoka mu jikoni.

"Mu muto, dada," nikamuambia. "Ilishuka na ile maji ya yenga ya mvula kubwa. Saa hii iko mbali sana."